Hewa ya Moto kwenye Pikapu ya Bi Awa

Palma, Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu, Mzee Issa, Mikindani.

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, najua umeketi hapo hapo unasikiliza. Barua hii nampa mama mmoja muuza vitenge anayevuka Ruvuma kesho, na nimemwomba aikabidhi mkononi mwa Dada Mwanaidi. Dada, msomee Baba taratibu, upande wa sikio lake zima, na tafadhali usiruke mahali, hata pale utakaponionea aibu.

Mguu unaendeleaje, Baba? Nilisikia umeanza kwenda msikitini bila fimbo, nikafurahi siku nzima. Na presha ya Mama je, imetulia? Mimi mwili ni mzima. Nimekonda kidogo, ila si ugonjwa. Kupikia mtu mmoja kunachosha, kwa hiyo mara nyingi nachemsha muhogo, nakunywa chai, basi.

Huu ni mwaka wangu wa pili huku. Nafanya kazi kwenye oficina, ndivyo wanavyoita gereji, ya Senhor Amade, mtu wa Quiterajo aliyehamia Palma baada ya watu wa kijiji chao kukimbia vita. Ni mwema lakini si msemaji, na siku nyingi yuko Pemba, mji wa huku, si kile kisiwa, kutafuta vipuri. Nabaki mimi na magari. Lugha hainisumbui, maana Kiswahili chao ni kama chetu. Kinachonisumbua ni kwamba watu wa hapa wamerudi kutoka walikokimbilia, na wakikaa pamoja mazungumzo yao ni nani amerudi na nani hajaonekana hadi leo. Mimi sina jina la kutaja.

Sasa Baba, nifike kwenye lililonifanya nikuandikie.

Magari mengi ya huku ni pikapu za dizeli zenye tabo. Njia ya Pundanhar ni mchanga na makorongo, na kila mwenye gari anakuja na neno moja, força, yaani nguvu. Wa kwanza nilimkazia tabo isukume hewa zaidi, nikaifungua pampu kidogo iongeze dizeli. Gari likapanda kilima cha mchanga likipiga mluzi. Siku ile walikuja watu kama kumi kulitazama, wakakaa hadi alasiri. Wakaniita mestre, yaani fundi mkuu. Mmoja akaninunulia chai. Tangu nifike Palma, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoongea hadi koo likanikauka. Nikafanya gari la pili, na la tatu. Nilikuwa nawaambia watu naongeza nguvu za injini. Kumbe nilikuwa natafuta watu wa kukaa nao.

Ndipo akaja Bi Awa. Ni mama wa Kimakonde, mjane, umri wake kama wa Mama. Pikapu aliachiwa na marehemu mumewe, na anaiendesha mwenyewe. Huenda Pundanhar kuchukua ufuta na mihogo mikavu ya wakulima, na njiani hupakia watu wanaorudi kwenye mashamba yao. Alilalamika kwamba gari likibeba mzigo linakata pumzi kwenye mchanga, na Jumatatu alikuwa na safari.

Nilifungua boneti. Intakula, ile rejeta ya hewa, ilikuwa imezibwa na vumbi na matope, mapezi yake yamelala, na ndani imejaa oili. Baba, nilikukumbuka saa ile ile. Ulinifundisha kwamba tabo ikiibana hewa, hewa inapata moto, na lazima ipoe kwenye intakula kabla ya kuingia kwenye silinda. Uliniambia nisiguse tabo ya mtu kabla ya kuishika intakula yake kwa mkono. Niliishika, na nilijua. Ilitakiwa nimwambie Bi Awa asubiri wiki moja. Lakini vijana walikuwa wameshakusanyika, wengine wamekalia matairi, wanangoja kusikia mluzi. Nikamwambia itafaa. Nikaikaza tabo, nikafungua pampu, gari likaunguruma, watu wakacheka kwa furaha. Bi Awa akanishukuru akaondoka.

Jumatano alikuja mwendesha pikipiki akasema pikapu ya Bi Awa imekufa njiani, ikiwa inarudi kutoka Pundanhar na mzigo, na ndani kulikuwa na watu wanne. Walisikia mgongano ndani ya injini, moshi ukatoka, ikazima. Nilijua bila kwenda kuona. Pistoni imeyeyuka kwa moto wa ile hewa.

Baba, njia ile si mahali pa kuharibikiwa na gari. Kuna sehemu hazina mtu kabisa tangu vita, na mchana ukishapita askari wanafunga njia, hakuna anayetoka mjini. Nilikwenda pale kwenye kizuizi nikawaomba waniruhusu. Hawakukubali, na hawakuwa na kosa. Nikarudi nikakaa oficina, nikiwaza kwamba likiwapata jambo lolote watu wale, mimi ndiye niliyewaweka pale. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia hivyo.

Kulipopambazuka yule wa pikipiki alinipakia. Tulimkuta Bi Awa amekaa kwenye kivuli cha gari, peke yake, kanga amejitanda, magunia ya ufuta yako palepale. Abiria wake, mzee mmoja na mama mwenye watoto wawili, aliwapeleka kwenye kibanda cha shamba mbali na njia, kisha yeye akarudi kulinda mzigo wa watu. Wote walikuwa wazima, alhamdulillahi. Nilikaa chini mchangani mbele yake kabla hata ya kumsalimia.

Nikamwambia, "Mama, gari halina kosa. Kosa ni langu. Niliona kabisa kwamba halifai, nikalikaza."

"Nilikuona ulivyokishika kitu kile ukanyamaza," akasema. "Nimekaa hapa tangu jana nikijiuliza kama utalisema mwenyewe."

Akanipa maji ya kunywa kutoka kwenye dumu lake, na yeye ndiye aliyelala njiani.

Lori lilituvuta hadi Palma siku ile. Nilimwambia Senhor Amade kila kitu aliporudi. Aliitazama pistoni yenye tundu, akaiweka juu ya meza, akasema nikitaka kurudi kwetu hatanizuia, na nikitaka kubaki, gari lile nilimalize kwanza kabla ya kugusa jingine. Nikabaki. Habari zilishaenea, na vijana hawakuja tena. Wiki tatu nilifanya kazi bila mtu kusimama mlangoni, isipokuwa Bi Awa, aliyepita kila asubuhi, akatazama, akasema "bom dia, mestre," ndiyo salamu yao ya asubuhi, akaenda zake. Lile neno mestre likawa linanichoma.

Nilifungua injini yote. Kwenye lori bovu nyuma ya oficina nilitoa intakula kubwa, nikaiosha kwa petroli mara nne hadi ikatoka safi, nikaifunga mbele kabisa ya gari, nyuma ya grili, mahali inapopigwa na upepo wa mwendo. Ile ya zamani ilikuwa juu ya injini, inapata joto la injini yenyewe. Nikaunga mabomba mapya. Nikafunga na kipimo cha joto la ekzosi mbele ya dereva. Tabo nikairudisha chini, nikaipandisha kidogo kidogo, na dizeli hivyo hivyo, kila mara natoka barabarani, nasoma kipimo, narudi. Uvumilivu huo sikuwa nao nilipokuwa Mikindani. Unakumbuka tulivyogombana siku ile, ukaniambia napenda kusifiwa kuliko kazi, nami nikafunga begi bila kukuaga vizuri. Nimelirudia sana neno hilo ndani ya wiki hizi tatu.

Siku ya majaribio tulipakia magunia ya mchanga, Bi Awa akashika usukani, tukapanda kilima kile. Gari lilipanda bila kukata pumzi na bila moshi mweusi. Juu tulisimama nikafungua boneti. Nikamwomba aguse bomba linaloingia kwenye intakula, akauondoa mkono haraka. Kisha aguse linalotoka. Akalishika, akaendelea kulishika. Lilikuwa vuguvugu tu.

"Basi ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, Mama. Ningeweza kufanya tangu mwanzo."

Ijumaa, baada ya swala, alinipeleka kwake nikala shima, ndio ugali wao, na matapa, kisamvu cha huku, pamoja na wajukuu zake. Tangu nifike huku sikuwa nimekula kwenye nyumba ya mtu. Nilirudi chumbani kwangu mchana huo huo na chumba kilikuwa kimya kama kawaida. Lakini nilikaa, nikatafuta karatasi, na leo ndiyo naandika.

Dada, mpe salamu Shemeji Bakari na uwapakate wanao kwa niaba yangu. Mama mdogo Somoe mwambieni bado nina lile shuka alilonishonea. Babu Mfaume, ndugu yake Bibi, naye anisamehe kwa kuondoka bila kupita kwake. Mama, niombee.

Na Baba, nina swali moja, nakuomba umwambie Dada aniandikie jibu kama utakavyolisema. Miaka yote niliyokaa na wewe gerejini, hukuwahi kuniambia kwamba umewahi kuharibu gari la mtu. Je, uliwahi? Kama uliwahi, nataka kujua lilikuwa gari la nani, na ulimwambiaje.

Ni mimi mwanao,
Saidi