Kibao cha Babu

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimefungua kasha la chuma la yule mwenye duka la vitambaa. Kwa spoku ya baiskeli! Dakika mbili tu, na mafundi wawili walishashindwa. (Sawa. Dakika arobaini, fundi mmoja. Humu daftarini hakuna wa kumringishia.)

Kabla sijafuta jasho, Dada huyo mlangoni. Kwa miguu, na magoti yake yale! Nikajua si salamu tu. Hata stuli aliikataa. Akasema barabara inapanuliwa, makaburi yote ya upande wa ukuta yanahamishwa, tangazo liko getini. Kila familia ipeleke namba ya kaburi lake kama ilivyo kwenye madaftari ya manispaa, ipewe kibali, ije imchukue mtu wake. Mwisho tarehe kumi na tano. Watakaobaki ni wa greda.

"Babu yetu hatazolewa na greda," akasema. Anataka arudishwe kwetu shambani, alazwe ubavuni kwa Bibi. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nina miaka saba na yeye ananifunga vifungo vya shati. Akasema, wewe ndiye uliyemwekea kibao kaburini, mdogo wangu. Kazi hii ni yako.

Niachie mimi, Dada, nikamwambia. Pale manispaa nikikohoa tu ofisi nzima inasimama!

Sijawahi kuingia hata mara moja.

Aliondoka ameridhika. Mimi nimebaki na spoku mkononi mpaka adhuhuri.

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu amepita akitoka shuleni. Binti wa Dada huyu, mwalimu wa hesabu, na hesabu zimemharibu — kila neno analitaka na ushahidi wake. Akaniuliza, Mjomba, ile siku ya kibao nani alikuonyesha kaburi? Nikasema mlinzi wa makaburi, mtu wa jicho moja, akampigia Babu saluti.

"Mwaka jana mlinzi alikuwa na mguu mmoja."

"Jicho moja na mguu mmoja!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mjomba, na chumvi zako hizo! Ukifika miaka sitini huyo mlinzi atakuwa amebaki kidevu."

Nikacheka naye. Kicheko kilitoka na kutu. Akasema atanisindikiza ofisini. Nikamwambia hapana, haya mambo ya makaburi ni ya wanaume. Akaniambia karani wa makaburi ni mwanamke. Nikachukua tupa, nikaanza kuchonga ufunguo uliokwisha chongwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo sikufungua kibanda changu cha funguo. Naandika hili haraka, mara moja, lisije likaota mabawa.

Hakukuwa na mlinzi. Wala jicho, wala mguu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Babu alikuwa fundi wa mabomba ya maji mjini huku, sisi tukiwa bado shambani. Akafia hospitali. Mvua zilikuwa zimekata barabara majuma mawili, manispaa ikamzika bila sisi. Barabara ilipofunguka, Dada akanituma na kibao cha chuma chenye jina la Babu. Alikifunga mwenyewe kwa kanga yake. Akanipa neno moja tu: usikisimike kabla hawajakuonyesha namba daftarini.

Nilifika saa sita. Ofisi imefungwa, karatasi mlangoni: rudi saa nane. Saa mbili tu za kungoja! Lakini kulikuwa na mpira uwanjani, na kelele zilifika mpaka makaburini. Nikaona kaburi moja karibu na ukuta, udongo bado mbichi, halina jina. Nikasema hili. Nikachomeka kibao, nikakigonga kwa jiwe mara nne, nikaenda zangu kwenye mpira. Nani alishinda sikumbuki.

Nyumbani walinizunguka wote. Dada akanishika mikono miwili: umemwona? Basi mdomo ukafunguka wenyewe. Mlinzi. Saluti. Ndege weupe saba walioshuka wakatua kichwani pa kaburi. Alilia, kisha akacheka, kisha akanipakulia chakula kabla ya wakubwa. Tangu siku ile sikuwa tena kitinda mimba asiyejua kitu. Nilikuwa yule aliyemwona Babu.

Miaka thelathini na mbili. Tulipohamia mjini ikawa kila mwaka, ndoo ya chokaa na fagio. Dada huongea nalo lile kaburi. Harusi yake aliliambia kabla ya majirani. Mtoto wake wa kwanza alipofariki alikwenda peke yake, akalala juu yake kifudifudi mpaka nilipomfuata.

Nilimfuata. Nikamwinua. Nikamwambia Babu amekusikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Chumba cha madaftari kiko nyuma ya stoo ya mafagio. Madaftari makubwa, ngozi zimebanduka, yamepangwa sakafuni kwa miaka. Karani ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi, anafunua kurasa kwa kifutio cha penseli asizichane. Nikamtania kuwa kufuli lake la mlangoni nalifungua nikiwa usingizini. Akasema basi na lenyewe liache lilale. Nilimpenda hapo hapo.

Nikampa jina la Babu, mwaka, mwezi. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, la sita la zamani, sawa na chuo cha siku hizi, lakini mwandiko ule ulinitoa jasho. Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Huyu hapa. Fundi bomba. Umri sitini na minane. Safu ya tano, namba mia mbili na sita."

Nikauliza, na thelathini na moja? Ile yenye kibao chetu, namba imechorwa ukutani?

Akafunua nyuma. "Mwanamke. Jina halikujulikana. Umri yapata miaka ishirini. Aliokotwa stendi ya mabasi na homa."

Mwanamke! Miaka thelathini na mbili tunampa msichana wa miaka ishirini shikamoo Babu.

Nikajikaza. Nikaona bado pana mwanya: tutahamisha namba mia mbili na sita, nitamwambia Dada manispaa ilichanganya, yataisha. Nikamwuliza karani safu ya tano iko upande gani.

Akavua miwani. Safu ya tano haipo tena, mzee wangu. Iliondolewa miaka kumi na moja iliyopita kupisha mtaro wa maji. Tangazo lilikaa getini siku sitini. Waliokosa wenyewe walizikwa pamoja, shimo moja, ng'ambo ya mtaro.

Kuna alama?

Kuna nyasi, akasema.

Nimerudi kwa miguu, mwendo mzima. Nilisahau kuwa nilikwenda na baiskeli.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo lile nililisoma mimi.

Sasa nimekumbuka. Dada alisahau miwani, akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti, watu wakipita: safu ya tano, wenye ndugu zao wajitokeze. Akauliza, si letu hilo? Nikamwambia letu liko ukutani, hao ni watu wasio na watu. Akasema maskini, akaweka ndoo ya chokaa chini, akawaombea pale pale getini.

Nikaitikia amina.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kwa karani. Nilikwenda kusema kweli. Naapa, njia nzima nilikuwa naipanga ile kweli kama mtu anayepanga funguo, hii kwanza, kisha hii.

Nikamweleza kuwa kibao cha familia kiko namba thelathini na moja. Nikapumzika kidogo, niendelee. Yeye akadhani nimemaliza. Akasema mzee, madaftari ya zamani nayo hukosea, siku zile karani mmoja aliandikia hospitali, makaburi na machinjio. Kama familia ina mtu aliyekuwepo kibao kikisimikwa, na yuko tayari kuandikisha, daftari litasahihishwa na kibali kitatoka. "Ulikuwepo?"

Sijaulizwa swali fupi namna hiyo maisha yangu yote.

Nikasema nilikuwepo. Ningeishia hapo basi! Nikaendelea. Mlinzi alinionyesha kwa fimbo. Akapiga saluti. Karani hakucheka. Aliandika yote, mpaka saluti, akanigeuzia fomu nikatia sahihi. Akagonga muhuri mara mbili, wino ulikuwa hafifu.

Kisha akachukua rula. Akaukata mstari wa yule msichana kwa wino mwekundu, pembeni akaandika jina la Babu.

Mstari mmoja tu alikuwa nao dunia nzima. Pengine na yeye ana kaka anayesema kesho nitakwenda kuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Kwa Dada. Anashona shuka jeupe la kumbebea Babu. Amenisimamisha katikati ya chumba anipime — Babu alikuwa amekuzidi kichwa kizima, akasema, alikuwa anainama kila mlango. Akapima kutoka kisigino mpaka utosini, akaongeza shubiri moja na nusu. Pini mdomoni.

Nikasema, Dada, kuna neno.

"Sema." Kwa meno, kwa ajili ya pini.

Akasubiri. Akatoa pini moja baada ya moja, akazichomeka begani mwake, ili anisikilize vizuri. Akasema tangu amepata kile kibali magoti yake yamepoa, usiku analala kama mtoto. Kisha, haya, sema sasa.

Nikamwambia habari ya kasha la chuma. Dakika mbili. Mafundi watatu.

Amecheka sana.

Ijumaa, 14 Machi

Mpwa wangu amekuja. Hakuketi, hakutania. Alikwenda ofisini kupiga picha ukurasa wa Babu awawekee watoto wake kumbukumbu. Akaniwekea simu juu ya meza, katikati ya funguo.

"Mjomba, chini ya wino mwekundu panasomeka."

Nikamwambia karani wa siku zile alikuwa mlevi, kila mtu anajua, mlevi kweli kweli, siku moja alijiandika mwenyewe kuwa amekufa —

"Mjomba."

Hilo tu. Nikamweleza yote, kuanzia mpira. Sikuongeza hata ndege mmoja. Ilichukua muda mfupi mno. Nilidhani kitu kilichokaa nami miaka yote hiyo kingekuwa kirefu zaidi.

Alikuwa anachezea ufunguo mmoja mbovu. Akasema hatamwambia mama yake. Akashika mlango. "Utamwambia wewe. Kabla hajalazwa kwa Bibi. Sitamlaza Bibi na mtu asiyemjua." Kisha akageuka, macho mekundu, akauliza ng'ambo ya mtaro ni upande gani hasa, kushoto au kulia ukiingia.

Nikamwambia sijui. Sikwenda kuangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Niko makaburini. Nimekaa juu ya ndoo ya chokaa, karibu na geti, hatua arobaini kutoka kaburini. Nimewaambia nakwenda haja. Daftari nilikuwa nalo mfukoni.

Wamefukua tangu saa tatu. Mchimbaji ni mtu mpole, anachimba kwa jembe mpaka anapokaribia, kisha kwa mikono. Dada amekaa kwenye stuli pembeni, shuka limekunjuliwa mapajani, refu, ncha inaburuta kwenye udongo. Kila mfupa unaotoka anaupokea anasema karibu Babu. Mpwa wangu amesimama nyuma yake. Kila nikiinua macho, ananitazama.

Kisha mfupa wa paja. Mchimbaji akausimamisha kando ya paja lake mwenyewe, ukapungua, na yeye ni mtu mfupi. Akamtazama Dada. Akaulaza shukani.

Kisha bangili. Ya shaba, nyembamba. Ameifuta kwa kidole gumba akampa Dada kiganjani. Dada akajaribu kuivaa, haikupita hata vidole. Akauliza, taratibu, kama anayeuliza saa: Babu alivaa bangili?

Wote wakageuka kwangu. Ndipo nikasema nakwenda haja.

Jibu ninalo! Hilo ndilo linalonitisha. Limekuja lenyewe, kamili, halina kasoro: bangili ya Bibi enzi za usichana wake, Babu aliitunza mfukoni tangu alipofiwa, mlinzi aliniambia walimzika nayo. Na mifupa husinyaa ardhini, kila mtu anajua. Dada ataamini. Atalia, kisha atacheka, kisha jioni atanipakulia mimi kwanza.

Kutoka hapa mtaro unaonekana. Ng'ambo yake kuna nyasi, kama karani alivyosema. Kuna mbuzi mmoja.

Dada ameinuka. Ameukataa mkono wa binti yake. Anakuja huku polepole, magoti hayo, shuka begani, bangili ameishika kwa ncha za vidole. Nilidhani amekasirika. Hajakasirika. Hilo ni baya zaidi.

Nimesimama nimpe ndoo akae. Amekaa. Bangili ameiweka mapajani.

Anauliza ni nini hicho ninachoandika. Leo hakusahau miwani; iko shingoni, kwenye kamba.