Walidhani Umenuna

Mwikali dadangu,

Simu yako ninayo mimi. Tangu tukuzike kule Machakos, ilikuwa juu ya kabati hapa Kawangware, imezima, na Mama hakutaka iguswe. Jumamosi akanipa mwenyewe. "Enda nayo saluni, uangalie kama kuna picha zake." Nikaichaji pale saluni kwako Kibera. Ilipowaka ikaanza kulia bila kukoma, mpaka Achieng, mwenzako wa kusuka, akasema, "Kwani huyu anatafutwa na nchi ngapi?"

Ni group yenu ya mashabiki wa Kidani, yule mwimbaji wa Dar. Kumbe hawakujua. Sisi tulipigia shangazi, kanisa, wenye ploti, hata yule wa maji. Hakuna aliyekumbuka watu wa Tanga na Mwanza na Kampala, watu uliokuwa unacheka nao kila siku ukisuka.

Unakumbuka siku ile sauti ya Kidani ilivuja? Tulikuwa wote saluni. Alikuwa anacheka na marafiki zake huko Dar, anasema Wakenya wanajaza shoo zake lakini wakiimba ni kama wanatafuna changarawe. Wanairobi wote walitoka kwa group siku hiyo hiyo. Achieng alitoka akiwa ameshika kitana. Alifuta hata nyimbo. Wewe ulisikiliza ile sauti mara mbili, ukasema, "Si uongo, Kiswahili yetu iko na changarawe. Lakini ni yetu. Na huyu dem bado anaimba." Ukabaki peke yako.

Halafu wale wale wakawa wanarudi kusukwa. Nywele zinazopita kwa paji la uso kama mkufu, zile za Kidani. Hakuna aliyetaka kutaja jina. "Nisuke ile ya mbele, si unajua." Nawe ulikuwa unakunja mikono. "Sijui. Sema jina." Mteja ananuna, anacheka, anasema "Kidani" polepole kama anaungama, ndiyo unaanza.

Sasa soma hawa watu wako. Mwanzoni walikuwa wanakusalimia. Baadaye Hidaya wa Tanga, yule wa vitumbua, akaandika, "Mwikali, hata wewe?" Halafu, "Tulijua wengine wataondoka, siyo wewe." Walidhani umenuna, Mwikali. Walidhani hatimaye hasira za Nairobi zimekupata.

Na mimi nikaharibu zaidi. Nilikuwa nasoma tu, kumbe kwao inaonyesha wewe ndiye uko hapo, na picha yako ile ya kitenge cha njano. "Jamani! Mwikali yuko hewani!" Nikashtuka nikatupa simu kwa ndoo ya taulo. Achieng alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia.

Jumapili Hidaya akatuma sauti. "Mdogo wangu, kama kuna tulilokukosea, tusamehe. Usitunyamazie." Hapo nilishindwa kuendelea kujificha.

Unanijua. Darasani najibu kwa kuandika. Insha zangu za Kiswahili mwalimu huzisoma mbele ya wengine, na yale maneno mazuri nimeyatoa kwa nyimbo za Kidani, wewe ukiniuliza maana huku umenishika kichwa. Kwa hivyo niliandika kwanza. "Kwa masikitiko makubwa." Nikafuta. Ilikuwa kama tangazo la redio. Kuongea nako niliogopa, yaani wasikie hizo changarawe.

Mwishowe nilibonyeza tu, nikaongea vile tunaongea nyumbani. "Niaje. Mimi ni Kamene, mdogo wa Mwikali. Mwikali hakununa. Alishikwa na kifua, tukampeleka hosi, hakurudi. Hakuwahi toka kwa group."

Nikaisikiliza tena mwenyewe. Nilidhani nimekosea.

Halafu Hidaya, analia. "Kamene wetu, pole mwanangu. Ongea hivyo hivyo, tunakuelewa." Baada yake wakaanza kutuma sauti, mmoja mmoja, kila mtu anaimba ule wimbo wako wa kufungua saluni asubuhi. Wa Kampala alikosea maneno. Niliweka sauti juu. Achieng alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, mgongo kwangu, na nikamsikia anaimba chini chini. Akimaliza akasema bila kugeuka, "Niongeze kwa hiyo group."

Nimemwongeza. Picha yako nimeitoa, nisije nikawashtua tena. Nimeweka ile ya mlango wa saluni, ukiwa wazi.

Sijui kama nimemsamehe Kidani. Wewe hukuniambia nimsamehe, uliniambia nisikilize. Nitasikiliza. Na Jumamosi, nikija kusuka kwa kiti chako, mteja akiniambia "ile ya mbele," nitakunja mikono. Naona aibu hata kuandika hii, lakini nitakunja, na sitashika hata unywele mmoja mpaka aseme jina.

Pumzika, Mwikali. Watu wako nimewaambia.

Kamene