Kampira Kalikoingia Ziwani

Yaya Musafiri, kaka yangu mkubwa,

Sina wa kumpa barua hii akuletee, lakini nisipoiandika sitalala. Tumerudi jana kutoka Ziwa Tanganyika. Siku tatu kwenda, nne kurudi, na lori likakwama kwenye matope upande wa Kabambare, tukalisukuma mpaka mikono ikakataa kufunga. Nimechoka, Yaya. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Mwaka wa nne sasa wewe hupo. Nyumba yako imeanguka upande wa jikoni, tumepanda karanga pale. Mke wako amerudi kijijini kwao Wamaza, kwa amani, hatukugombana. Binti yako Zaina anakaa kwetu hapa Kasongo, anasoma kwa masista. Mama macho yamepungua, sauti haijapungua. Mimi ni muuguzi vile vile, vidonda vile vile.

Lakini nimecheza golfu, Yaya. Kwenye kiwanja kile kile cha ziwani ulikofanya kazi.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka kule na kikohozi chako, ukachonga fimbo mbili za mti mgumu? Tulichimba mashimo matatu nyuma ya shamba la pamba, tukapiga kampira tulikokaviringisha wenyewe kwa utomvu wa msituni. Ulikuwa unaniambia, "Hapana piga na hasira. Piga sawa vile unafungua mulango wa mutu mwenye kulala." Kisha unakaa chini, unakohoa, unanieleza ulivyocheza na wazungu, shimo moja moja, na walivyokupigia makofi. Mama aliyabeba maneno hayo mpaka sokoni. Hakuna muuza samaki asiyeyajua.

Basi, munganga wetu mzungu, yule daktari mkubwa, alikuwa ameniona siku moja nikipiga na fimbo yako nyuma ya hospitali. Tulipofika ziwani kuchukua dawa, rafiki yake wa kucheza naye akashikwa na homa. Munganga akaniita: "Leo utacheza na mimi." Nilidhani ananitania. Wazungu wawili waliokaa barazani waliacha kunywa, wakatuangalia mpaka tukapita.

Ni pazuri kuliko ulivyosema. Majani mafupi, laini, yanashuka mpaka kwenye mchanga, halafu maji tu, hayana mwisho, na milima ya ng'ambo kama moshi. Nilisimama pale na viatu vya kuazima, mgongo unauma kwa safari, nikatamani kulala juu ya majani yale. Pigo la kwanza nilikosa kabisa. La pili lilichimbua udongo. Munganga akatazama pembeni kwa adabu.

Kwenye shimo la sita nikakumbuka maneno yako. Upepo unatoka ziwani, lakini chini ardhi inainama upande wa pili, kwa hiyo usiangalie bendera ya shimo, angalia jiwe jeupe. Nililitafuta jiwe. Lilikuwepo! Nikapiga taratibu. Kampira kakaenda juu ya maji, kakarudi, kakaanguka, kakabingirika mpaka karibu na shimo, hatua mbili.

Munganga akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

"Yaya yangu. Alicheza hapa."

Mzee mmoja alikuwa anakata majani karibu yetu. Aliinua kichwa, akaacha kukata. Tulipomaliza akanifuata kwenye bomba la maji.

"Yaya yako ni ule Musafiri wa Kasongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ule hakucheza. Tulikata naye majani miaka sita, kwa magoti. Asubuhi moja alikuta fimbo na kampira wamesahau kule kwa shimo la sita. Alipiga mara moja tu. Kampira kakaingia ziwani. Muzungu mukubwa alimuona, akamufukuza siku ile ile."

Nikamuuliza ulisema nini.

"Alicheka," mzee akasema. "Alienda anacheka mpaka barabarani."

Yaya, nilikukasirikia. Njiani kurudi nilikukasirikia, tope mpaka magotini, nikikumbuka Mama na majivuno yake sokoni. Mbona mimi hukuniambia? Tulikula sahani moja. Nilikuosha mimi mwenyewe, siku ile ya kukuzika.

Tulipopita Kabambare hasira ikaisha. Labda ni uchovu tu, mtu akichoka sana hawezi kubeba na hasira juu. Nilifikiri juu ya miaka sita ya magoti. Wale waliocheza pale kila Jumapili, hakuna aliyeijua ardhi ile kama wewe. Munganga mwenyewe hakujua habari ya jiwe.

Jana Mama alinishika mkono kabla sijavua viatu. "Kule wanamukumbuka Musafiri?"

"Wanamukumbuka, Mama."

Akaridhika, akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Kwake nitaishia hapo. Lakini Zaina ni mwerevu, siku moja ataniuliza vizuri, na yeye sitamficha. Nitamwambia yote: majani, magoti, pigo moja, na ulivyocheka. Nakuahidi hilo, hata kama hulitaki.

Pumzika sasa, Yaya. Na mimi naenda kulala.

Mdogo wako,
Amisi