Kamongo wa Bwawa la Papa

Nairobi
Jumanne, 9 Juni

Kwako Papa, baba yangu mpendwa,

Yoga noi, salamu nyingi. Naamini barua hii itakukuta umeketi barazani, chai imeshuka vizuri, na lile goti la kushoto limekubali kukunjika. Toto mama yangu aliniambia kwamba mvua za mwezi uliopita zilikurudishia maumivu, na kwamba unakataa kujipaka dawa kwa sababu eti inanuka dawa. Mimi huku ni mzima. Wanafunzi wangu nao ni wazima, ingawa wiki iliyopita walifanya mtihani wa mifupa kana kwamba wao wenyewe hawana hata mmoja.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Papa, kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Tena ile miaka thelathini na moja uliyokaa Malaba ukipitisha mizigo ya malori ilikufanya uamini karatasi kuliko mdomo, na jambo nililo nalo leo ni la karatasi. Nampa barua hii dereva anayefahamiana na Robinson wa Malaba. Robinson ataipokea hapo mpakani na kukuletea Amukura siku ya Alhamisi. Nakuomba uisome yote kabla ya Jumamosi, kabla hujasimama mbele ya naibu wa chifu na wazee kumshtaki Mzee Ikapel. Ukichoka njiani pumzika, lakini usiikunje ukaiingiza ndani ya Biblia kabla ya kufika mwisho. Nakujua.

Nimepata yale maelezo yako ya kurasa saba, na nimeyasoma mara nne. Umeeleza ulivyochimba bwawa kwa mikono yako viangazi viwili, ulivyotia vifaranga mia nne vya samaki aina ya ngege mwezi wa pili, na ulivyovuta wavu mwezi wa tano ukapata ishirini na sita tu. Umeeleza kwamba ndani ya wavu alikuwemo kamongo mrefu kuliko mkono wako toka kiwiko hadi vidole, akauma mpini wa jembe, akateleza akarudi majini. Umeandika kwamba Jumatatu ya Pasaka Mzee Ikapel alionekana karibu na bwawa na ndoo mkononi, na kwamba siku zote husema kwenye chungu cha pombe ya ajono kuwa ngege wa kufugwa hana ladha, samaki ni kamongo. Ulipomuuliza mbele ya watu kama ndiye aliyemtia akakujibu, "Mimi kamongo nakula tu, sipandi kwa maji ya mtu," na watu wakacheka. Hukuandika kwamba kicheko kile kilikuuma kuliko samaki, lakini nimekiona hapo kwenye mwandiko, maana kalamu imekaribia kutoboa karatasi.

Toto ameniambia mengine. Amesema huweki tena mrija wako kwenye chungu kimoja na Mzee Ikapel, na kwamba umeziba kwa miiba ile njia ya kati ya boma letu na lao, mpaka yeye akitaka kumwona mke wa Ikapel anazunguka kwa barabara ya murram. Mzee Ikapel haji kanisani. Amekonda. Anasema kama ni kiapo unachotaka, ataapa Jumamosi mbele ya wajukuu wake. Mmekuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa, Papa, na sasa mmefika kwenye kuapishana.

Nawe umeniomba mimi, daktari wa samaki, nikuandikie ripoti yenye muhuri wa chuo inayosema kwamba kamongo hawezi kufika bwawani peke yake, ni lazima mtu amlete. Nitakujibu. Lakini kwanza niruhusu nikueleze kazi yangu, kwa sababu miaka kumi na tisa umewaeleza watu kazi ambayo siifanyi.

Mimi si daktari wa kutibu samaki. Sijawahi kutibu hata mmoja. Yule mama wa sokoni aliyeniletea ngege ndani ya sufuria akitaka nimdunge sindano, nilimwambia ampumzishe, na nikaona aibu mwezi mzima. Kila ulipotamba kwamba binti yako ni daktari wa samaki nilinyamaza, kwa sababu ukweli ulikuwa mrefu na wewe ulikuwa umefurahi.

Kazi yangu ilianza siku nilipoanguka kutoka kwenye mti wa zambarau nikavunjika mkono. Wewe ulikuwa kazini Malaba. Aliyenibeba kwa baiskeli mpaka hospitali ni Mzee Ikapel. Walipopiga picha ya mkono wangu, daktari aliishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mfupa mmoja juu ya kiwiko na miwili chini yake, kisha vifupa vidogo vingi vya kifundo na vidole. Nilishangaa hata nikasahau kulia. Mzee Ikapel akasema bawa la kuku liko hivyohivyo, nitazame Jumapili. Jumapili nikalifungua bawa langu mezani mfupa kwa mfupa, ukanikemea kwa kuchezea chakula mbele ya mgeni. Papa, lilikuwa hivyohivyo: mmoja, miwili, halafu vingi. Baadaye nikafungua chura. Kisha popo aliyeanguka kutoka dari la kanisa. Hivyohivyo. Hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini, na swali hilo ndilo limenipeleka shuleni, chuoni, ng'ambo na kurudi.

Ninachosoma ni jinsi wanyama wenye uti wa mgongo walivyobadilika, kizazi baada ya kizazi, kwa mamilioni ya miaka, mpaka ukoo mmoja wa samaki ukazaa vizazi vilivyotembea nchi kavu. Sikukuambia kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa, na niliogopa ile Jumapili ambayo mtu angekuuliza kama ni kweli binti yako anafundisha kwamba babu yetu ni samaki. Kama utaulizwa, jibu kwamba kamongo si babu yetu. Ni binamu wa mbali sana, ambaye wengine walipohama yeye alibaki kwao. Ana mashavu ya kupumulia majini na ana mapafu pia. Akikaa chini muda mrefu bila kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji kama mimi na wewe. Na mahali sisi tuna mikono na miguu, yeye ana kamba nne nyembamba za nyama.

Sasa, kamba hizo zinafanya nini? Hapo ndipo nimekwama miaka yote hii. Nataka kujua kama inawezekana kutembea kulianza majini, kwenye tope, kabla mnyama yeyote hajawa na kidole. Nimepima mifupa kwenye makumbusho ya nchi tatu. Nimekaa mbele ya matangi ya kioo mpaka mgongo ukalia. Kwenye kioo kamongo anateleza, anachoka, analala. Wenzangu wawili wamenishauri kwa upole nitafute mnyama mwingine.

Halafu nikafika ukurasa wako wa tano. Umeandika hivi: "Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Mnyama yuko ukingoni, maji yanafika kifundo cha mguu. Ameinua kifua. Kamba za nyuma zinasukuma tope, ya kulia, halafu ya kushoto. Amesonga kama mita moja. Ameenda juu kuvuta hewa, dakika nane tangu mara ya kwanza." Chini yake umechora alama alizoacha kwenye tope, na umepima kwa rula nafasi kati ya alama na alama. Asubuhi kumi na moja mfululizo, kila moja na saa yake, kama ulivyokuwa ukiandika namba za malori.

Papa, nilisimama kutoka kitini. Nimewapa wanafunzi kamera na hawajaniletea kitu kama hiki. Nikachukua kalamu nikaanza kukuandikia maswali pembeni: kamba za mbele zilikuwa zimelala au zinaelea? Tope lilikuwa laini kiasi cha kuzamisha kidole? Alikuwa yuleyule kila siku? Nilikuwa nimefika swali la kumi na nne ndipo nikakumbuka kwamba kurasa zile ni mashtaka ya mtu, tena mtu aliyenibeba kwa baiskeli. Niliona aibu ambayo sijui niipeleke wapi.

Nirudi kwenye ripoti. Juzi Jumapili niliiandika. Haikusema ulivyotaka. Ilisema kwamba kamongo akipata mafuriko na nyasi zilizolowa anaweza kusafiri mwenyewe, kwamba kutoka kwenye dimbwi la mto hadi bwawani kwako si mbali kwake, na kwamba si lazima pawe na mkono wa mtu. Ningeweza kuitetea mbele ya maprofesa wa dunia nzima. Ingemtoa Mzee Ikapel kwenye kesi, wewe ungelaumu mvua, na mimi ningebaki daktari wa samaki. Nikaitia sahihi na muhuri. Usiku huo sikulala vizuri, na jana asubuhi niliichana. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, Papa, na ripoti nzima ilikuwa uongo.

Kamongo hao niliwatia mimi.

Jumamosi ya Pasaka, kabla ya kufika nyumbani, nilipitia Osieko, kule ziwani. Kuna mwanamke anauza samaki pale, anaitwa Awino, hunitafutia kamongo wachanga. Aliniuliza, "Dada, hii samaki watu wanataka ikiwa imekauka, wewe unaitaka hai ya nini?" Nikamjibu ni ya masomo. Nilichukua watatu, kila mmoja urefu wa kigasha, toka kiwiko hadi kifundo, nikawaweka kwenye mtungi wa plastiki. Toto aliponiuliza kuna nini mtungini nilimwambia maji ya gari. Jioni ile ulinipeleka kuona bwawa, ukaniambia umelipa jina, linaitwa Bwawa la Daktari. Na asubuhi yake, mlipokwenda ibada ya Pasaka, nikasema kichwa kinaniuma, nikabaki, nikawamwaga humo.

Ningeweza kukuambia kwamba matangi yetu ya chuo yalikuwa yakizibwa nyufa na sikuwa na pa kuwaweka. Ni kweli yalikuwa yakizibwa. Lakini ningeweza kuwaacha kwa Awino. Niliwatia kwa sababu bwawa lako lilikuwa na tope halisi na ukingo wa maji mafupi, na nilitaka kuona. Nilijiambia watakula konokono. Nilijiambia ni wiki tatu tu, nitarudi kuwachukua. Halafu mvua zikaja, kazi ikaja, nikajiambia wamekwenda zao mtoni. Uliponipigia mwezi wa tano ukisema kuna mnyama anawamaliza samaki wako, nilijua hapohapo, na nikakuuliza habari za goti.

Kuna zaidi, na hili ndilo lililoniinua leo kuandika. Mzee Ikapel anajua. Ile Jumatatu ya Pasaka alikuwa ameniletea viazi vitamu vya safari, vilikuwa ndani ya ile ndoo. Alinikuta nimechuchumaa ukingoni na daftari, na kamongo mmoja akapanda kuvuta hewa mbele yetu sote wawili. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema nitakuambia mwenyewe. Akasema basi, hayo ni maneno ya baba na mtoto, yeye hayamo. Papa, amelishika neno lile tangu siku hiyo. Ulipomshutumu mbele ya watu alilishika. Ulipoziba njia alilishika. Na Jumamosi yuko tayari kuapa kwamba si yeye, bila kutaja ni nani.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu mtu mwingine amekuwa akiitembea kwa niaba yangu.

Ijumaa nitapanda basi. Jumamosi, kabla hujasema neno, nitasimama mimi niseme mbele ya naibu wa chifu na wazee wote, na wakicheka wacheke. Vifaranga mia nne nitavirudisha, lakini najua si hivyo tu ulivyopoteza. Lile jina la bwawa libadilishe kama moyo unakutuma. Kuhusu kamongo, wao ni wako sasa, ukitaka kuwaua ni haki yako, na sitakuomba uwaache. Ila nikisema sitaki tena kujua kamba za mbele zilikuwaje, nitakuwa nakudanganya kwa mara nyingine. Nataka kujua. Ndivyo nilivyo, na kuwa hivi nilivyo kumekuletea hasara na kumemuumiza rafiki yako. Nisamehe, Papa.

Mpe Toto mkono wangu, na mwambie hayakuwa maji ya gari. Mshukuru Robinson kwa kufikisha barua, wala usimkasirikie, hajui kilichomo. Wape salamu waumini wote, hata wale watakaonicheka.

Salamu zangu kwa Mzee Ikapel usimpe mtu yeyote akupelekee. Nakuomba uende wewe mwenyewe Alhamisi hiihii, ukishamaliza kusoma, umwite nje, umwambie Amuron amesema.

Ni mimi binti yako,
Amuron