Bakuli la Kwanza

Kwa mwanangu Zhengrong,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kiwandani. Unakula vizuri? Kile kikohozi kimekwisha? Usinifiche. Sisi hatujambo, mvua imenyesha na mlima umejaa uyoga.

Nataka nikueleze habari za mkeo Caixia. Alipokuja kutoka bondeni, Bibi Luo wa jirani alimcheka kwamba watu wa mpunga hawajui uyoga mpaka wauone kwenye supu. Siku hizi hamcheki, anamletea kikapu chake amkagulie. Caixia hunusa, hugeuza kofia ya uyoga akatazama chini yake, hukata kipande akangoja kama kitageuka buluu. Akiwa na shaka hutupa, hata uwe uyoga mzuri namna gani. Nilimfundisha mimi, lakini sasa amenipita.

Juzi tulipanda msituni. Nikapata uyoga mweupe chini ya msonobari, nikaukata, nikautia kikapuni kwa furaha. Caixia akautoa. Akarudi pale nilipoukata, akachimba kwa vidole, akaibuka na kitu kama ganda la yai.

"Mama," akaniambia taratibu, "kikombe chake umekiacha ardhini. Huu ndio ule unaoua. Si wewe uliyenigombeza mwaka juzi, chimba, usikate?"

Nikasema kisu kiliteleza. Akautupa, akakibeba kikapu yeye.

Unajua desturi ya nyumba yetu, aliyechambua kikapu hula bakuli la kwanza na wengine wanangoja waone kama yu salama. Jioni ile nilipochukua vijiti nile, Caixia alilivuta bakuli kutoka mbele yangu, akala yeye. Nikakaa namtazama akitafuna, roho mkononi. Miaka yote nilikula mimi, wewe na marehemu baba yako mkinitazama, nikadhani kazi ngumu ni yangu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Macho yangu yameingia ukungu. Kisu hakikuteleza, sikuona mguu wa uyoga unaishia wapi. Caixia amejua siku nyingi. Nilimkataza asikwambie, maana tulikubaliana utamchukua mwaka mpya mkaishi huko, nami sikutaka nikuvunjie safari. Hata mistari hii naipapasa, usiucheke mwandiko.

Mchukue, ni mkeo. Akiondoka, uyoga sitakula tena, nimeshaamua, kwa hiyo lala usingizi wako. Akibaki, bakuli la kwanza ni lake, na mimi nitajifunza kungoja.

Vaa soksi. Bibi Luo anakusalimu. Caixia naye anakusalimu sana, anadhani nakuandikia habari za mahindi.

Ni mimi mama yako,
Cuizhen