Shimo Langu Kwenye Ngitili

Jumapili. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye masufuria. Naandika kwa simu ya mama, na moyo wangu haujatulia.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba huwa naonja udongo.

Siuli. Naweka chembe kidogo kati ya meno ya mbele, nasikiliza. Mchanga unakwaruza. Mfinyanzi unateleza kimya, kama uji uliopikwa ukaiva. Nilisoma kwenye kitabu cha maktaba ya shule kwamba hata wataalamu hufanya hivyo, nikajaribu, na sikuacha tena. Darasani tayari wananiita Bibi Jiografia. Wakijua na hili watanitafutia jina baya zaidi.

Nalisema leo kwa sababu mapenzi yangu kwa udongo yametuletea balaa nyumbani.

Mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya likizo: kila mmoja achague eneo la malisho, aeleze sifa za udongo wake, kisha aupange kwenye kundi lake. Wengi walichagua mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania miguu wakati wa mvua. Mimi nilichagua mlimani, kwenye ngitili yetu.

Kama hutoki Usukumani, ngitili ni eneo la majani linalofungwa mvua zikianza. Hakuna ng'ombe anayeingia humo mpaka kiangazi kikolee, huku chini kukiwa kumebaki vumbi tupu. Yetu iko ubavuni mwa mlima wa mawe nyuma ya nyumba, ukiiacha barabara ya Tinde. Baba alikuwa aifungue mwezi huu.

Udongo wote wa kule juu baba anauita luseni, yaani wa kichanga. Kitabu hakiridhiki na hapo. Kinauliza mwamba uko karibu kiasi gani. Ukiukuta kabla hata ya urefu wa rula ya shule, udongo huo ni leptosoli, udongo mwembamba uliokalia jiwe. Ukiwa mbali zaidi, unaingia kundi jingine.

Basi nikachimba. Juu nilikuta tabaka jembamba la kahawia iliyokoza, limejaa mizizi ya majani. Chini yake changarawe nyekundu. Halafu nikafika kwenye kitu kilichonishinda: jiwe la itale lililooza. Kwa macho ni jiwe kabisa, lakini ukilifinya linavunjika kama andazi la jana.

Je, hilo ni jiwe au ni udongo?

Kundi la udongo wangu lilitegemea jibu hilo, na sikutaka kubahatisha. Nikaendelea kuchimba nikiutafuta mwamba mgumu, mpaka shimo likanifika kiunoni. Nikanyoosha ukuta mmoja kama kitabu kinavyoelekeza. Nikatia udongo wa kila tabaka kwenye vifuko na kuviandika namba. Nikasimika kijiti chenye kitambaa chekundu ili ndama wa jirani asije akatumbukia. Vifuko vingine nilivibeba nyumbani, vingine nikaviacha pale nivifuate kesho yake.

Sikufikiria kwamba kuna watu wanaozisoma alama hizo kwa namna nyingine.

Kaka Masele, mtoto wa baba mkubwa, amekaa machimboni Geita miaka mingi. Alikuja kutusalimia, akapanda mlimani kutafuta mtandao, akalikuta shimo langu. Ukuta umenyooka, vifuko vina namba, kitambaa chekundu kinapepea. Kule anakofanya kazi, alama kama hizo huachwa na watu wa utafiti wa makampuni, na wachimbaji wadogo wakiziona huzifuata kama siafu. Alishuka mbio.

"Baba mdogo, mlimani kwako pana mali! Wataalamu wamepita kimya kimya. Wamechukua hadi sampuli."

"Lini? Mbona hatukuona gari?" baba aliuliza.

"Sasa mtu akitaka kukuibia atakupigia honi?"

Nilikuwa pale pale nachambua mlenda. Badala ya kusema, niliinuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia nitasema kesho.

Habari zikaenea, vijana wakaanza kufika na sululu na mitarimbo. Wao huita rashi, mmoja akisikia dhahabu na wote wakakimbilia. Waliuvunja ua wa miiba. Majani yaliyotunzwa tangu masika yalikanyagwa, na mashimo mengine yakafunguka kuzunguka langu, hayana ukuta ulionyooka wala chochote.

Kilichonitesa zaidi si vijana. Ni kwamba baba alifurahi.

Baba yangu, ambaye kila kiangazi uso wake hukonda pamoja na ng'ombe, alianza kuimba akikamua maziwa. Nilimsikia akimwambia mama habari za bati na za ada yangu ya kidato cha tano. Ningemwambiaje?

Lakini nilijua alichokuwa hajui. Udongo wa juu pale ni mwembamba. Mizizi ikishang'olewa, mvua ya kwanza itaubeba wote hadi bondeni, na mlima utabaki mawe. Ng'ombe hawatakuwa na pa kukimbilia kiangazi hiki, wala kijacho.

Leo baada ya ibada, baba mkubwa na kaka Masele walikuja kukubaliana na baba jinsi ya kuwagawia wachimbaji mlima. Baba akikubali, ngitili imekwisha. Mama alinituma nipeleke chai. Niliweka chupa mezani, nikamimina, nikawaamkia, nikashindwa kuondoka.

"Marahaba," alisema baba mkubwa. "Unataka nini, Minza?"

"Lile shimo la kwanza ni langu. Ni kazi ya shule."

Kaka Masele alicheka hadi chai ikamwagika. "Mdogo wangu, nawe umeanza ujanja? Nani kakutuma?"

Nilienda chumbani, nikatoa vile vifuko vingine chini ya kitanda, nikavipanga mbele ya baba. Alizitazama namba moja moja.

"Huu ni mwandiko wake," alisema.

Tulipanda wote. Nilisimama ndani ya shimo na kueleza tabaka moja baada ya jingine mbele ya wanaume wenye sululu. Kaka Masele aliosha udongo wa chini kabisa kwenye karai. Kulikuwa na vitu vinang'aa. Akavipangusa kwa kidole.

"Ulanga," alisema taratibu. "Ulanga mtupu, si dhahabu."

"Eti homuwaki!" kijana mmoja akapiga kelele. "Homuwaki ya kufika kiunoni!" Wakaangua kicheko. Lakini mwingine hakucheka. "Huyu binti kafundishwa," alisema. "Wanataka tuondoke wachimbe wenyewe." Wachache walikusanya vitu vyao. Waliobaki waliongeza kasi. Ukweli wangu ulikuwa umewathibitishia kwamba kuna kitu kinafichwa.

Baba hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Kwa hiyo ni luseni tu," alisema.

"Ndiyo, baba. Luseni tu."

Aliwageukia vijana na kuwaambia mlima umefungwa, na asiyetaka kuondoka watakutana kesho kwa mwenyekiti wa kijiji. Mmoja alimtukana. Mwishowe walishuka, wakituahidi kwamba watarudi, na sijui kama kesho nitaweza kumwambia mwenyekiti maneno haya haya.

Tulipobaki wawili, mimi na baba, nilichukua jembe. Nilirudisha kwanza jiwe lililooza, kisha changarawe, kisha udongo wa kahawia juu. Nikashindilia kwa miguu, nikapandikiza vishina vya majani ambavyo bado vilikuwa na mizizi. Baba alikuwa upande wa pili akikata miiba ya kuziba ua.

Nilipomaliza, nilihamia kwenye shimo la pili, ambalo si langu, nikaanza kulifukia.