Simenti ya Mama na Gari Lisiloinuka

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakoma, na sasa jua linakausha matope kivivu. Nimechoka, gauni langu linanuka oili, na bado nampenda. Naanza na hilo lisije likasahaulika nikishaanza kulalamika.

Mume wangu. Hii ni wiki ya tatu na bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu. Shafi wangu ana sauti ya kunifanya nisahau sufuria jikoni. Ila Shafi wangu ana gari pia. Jekundu, la viti viwili, lile la kukimbizwa kwenye mashindano, injini iko nyuma, na tumbo lake liko chini kiasi kwamba kuku wa jirani pale kwetu Tororo hulizunguka badala ya kupita chini yake.

Leo ilikuwa siku ya kumpeleka kwa mama yangu Dabani, mara ya kwanza tangu harusi. Mama alichinja jogoo. Shangazi zangu wamefika tangu jana. Chakula cha siku hiyo ni cha mchana, na mkwe akikikosa atasemwa mpaka apate wajukuu. Na mimi ndiye niliyewaapia kwamba huyu mtu wa mjini ni mtu wa ahadi.

Tulipakia zawadi asubuhi. Kwenye buti, kule nyuma ya injini, mifuko miwili ya simenti, maana Mama anataka kusakafia jiko lake, na juu yake gunia dogo la mchele. Sukari niliipakata mimi kama mtoto. Shangazi yake Shafi, Bi Zaituni, akasoma dua, kisha akatoa amri: mzigo wa mama mkwe ukishapakiwa haushushwi njiani. Ukishushwa, na ndoa inashuka. Tukaitikia amina.

Amina hiyo ndiyo iliyotuponza.

Kufika Busia, Shafi akasema tupitie gereji abadilishe oili. Nusu saa tu, mpenzi. Alivyolitamka hilo mpenzi, ningempa hata siku mbili. Fundi wake ni Barasa, Mkenya anayevuka mpaka kila asubuhi, na kazi yake hasa ni malori. Alilizunguka gari letu mara mbili, akanigeukia mimi.

"Bi harusi, hii gari mliinunua ama mliichora chini?"

Jeki yake ni ya malori. Ilibidi iingie kwa nyuma, kwenye injini, na nafasi iliyokuwapo ilipitisha kiganja changu tu. Barasa akasema, kwa upole kabisa, kwamba simenti ndiyo inayolilaza gari. Tuishushe, jeki itaingia. Shafi akatikisa kichwa. Dua imeshasomwa.

Wakajaribu kulipandisha juu ya mbao. Mdomo wa mbele ukapanda ubao kabla ya tairi, ukanasa hapo, na tairi za nyuma zikazama kwenye matope. Sasa hata kwenda Dabani na oili ya zamani haikuwezekana. Shimo la gereji, lile la fundi kusimama chini ya gari, lilikuwa limejaa maji ya mvua, chura anaogelea humo kwa raha zake. Madereva wanne wa malori wakaja kulinyanyua kwa mikono, Shafi akawasihi wasishike sketi. Nilishtuka, mpaka nilipoelewa kwamba sketi ni ule ukingo wa plastiki wa ubavuni. Waliniona nilivyoshtuka, wakacheka hadi wakaishiwa nguvu za kunyanyua.

Barasa akarudia neno lake la simenti. Nilitaka kumwambia Shafi kwamba Bi Zaituni hajawahi kuinua gari maishani mwake. Nakiri hapa: nami niliogopa. Ndoa ya wiki tatu, nani anataka kuijaribu?

Saa saba Mama akapiga simu. Nikamweleza tuko wapi na kwa nini. Akakata simu papo hapo. Wakati huo mume wangu alikuwa amelala kifudifudi na kanzu yake nyeupe ya ukweni, anachungulia chini ya gari kama aliyepoteza pete.

Haikupita muda, boda boda ikaingia gerejini. Aliyeshuka ni Mama.

Kwetu Wasamia, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani ovyo, hata mkono hawapeani. Nilimfundisha Shafi hilo wiki nzima. Basi alipomwona akafanya alivyofundishwa: alikimbia kujificha nyuma ya gari. Gari ambalo halimfiki kiunoni. Akachuchumaa, kofia yake ikabaki juu, nyeupe, kila mtu anaiona.

Mama akatazama pembeni kwa heshima, akasema nami kwa Kiswahili ili gereji nzima isikie.

"Ambia mkwe wangu asimame. Magoti itamuuma."

Kisha akaelekea kwenye buti. "Hii simenti ni ya nani?"

"Yako, Mama."

"Basi imefika. Mushushe."

Madereva wakashusha simenti na mchele, nami nikampa sukari mkononi. Gari likapanda. Nililiona kwa macho yangu likipanda, vidole viwili, na jeki ikateleza ndani kimya kimya.

Tumepoteza saa tatu nzima kwa vidole viwili!

Mama hakutaka kusikia habari ya kungoja oili. Alisema barabara ya Dabani ni tope tupu, kigari hicho kingefika bila tumbo. Akaita boda boda nyingine: mbili za mizigo na moja yetu. Nilimshika Shafi kiunoni, kanzu yote oili, nikamnunia mgongoni njia nzima, na sikutaka njia iishe.

Jogoo aliliwa saa kumi. Shangazi zangu wamesema, ndiyo, ila wamesema wakicheka, na Mama amemwongezea Shafi paja kupitia kwangu.

Gari limebaki Busia, juu ya stendi za chuma za gereji, oili mpya tayari. Siku nzima ya kuliinua, na lilipoinuka tukaliacha. Kesho tunalifuata. Barasa amepiga simu kusema kulishusha ni nusu saa tu.

Nibebe chakula?